Sadaka ya Apaloreng

Upo wivu wa mume kwa mkewe na upo wivu wa jirani kwa jirani, na watu huuelewa upesi, wakausamehe. Wivu uliomwingia Mzee Ewoi wa Lodwar haukuwa na mahali pa kuutaja, kwa maana alimwonea mtu wivu juu ya ng'ombe ambaye ni wake mwenyewe.

Ng'ombe huyo alikuwa maksai mwekundu aitwaye Loreng. Mwanamume wa Kiturkana humchagua maksai mmoja zizini, akamtengeneza pembe tangu angali mchanga, akamtungia wimbo, na watu nao wakaliacha jina alilozaliwa nalo mtu huyo, wakamwita kwa maksai wake. Basi Ewoi alikuwa Apaloreng, mwenye yule mwekundu. Alikuwa Apaloreng sokoni, na Apaloreng kanisani alikokuwa mzee wa kanisa, na hata katika ofisi ya maji alikofanya kazi mpaka akastaafu, wakubwa walimwita hivyo. Loreng wa kwanza alikufa zamani. Huyu alikuwa wa tatu, na Ewoi alijua kwamba kwa umri wake hatapata wa nne.

Ule ukame mrefu ulipofagia mifugo, ulimwachia Loreng peke yake, mbavu zinahesabika. Lodwar mjini hapakuwa na unyasi wa kumlisha. Ewoi akampeleka kwa dada yake Namuria, ambaye boma lake liko nje kidogo ya Kakuma, kando ya laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake hufukuliwa. Akamwacha huko, akarudi mjini akimwombea.

Mvua ziliporudi, akaenda kumwona. Alifika boma la Namuria jua likiwa bado la asubuhi, akasimama kwenye ua wa miiba, akavua kofia, akaimba wimbo wa Loreng kama ulivyo, tangu mwanzo.

Loreng aliinua kichwa, akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni wa jirani, kisha akarudi kwenye nyasi zake.

Ewoi akasafisha koo, akaimba tena kwa sauti kubwa zaidi. Mbuzi wakasogea. Loreng hakusogea.

"Ameshiba," Ewoi akasema.

"Ameshiba, ndio," Namuria akajibu huku akiitazama miiba ya ua ili asicheke.

Wakati huo akapanda mtu kutoka laga, mrefu kama mlingoti, dumu la maji begani. Hakuimba, hakuita. Alikohoa tu, kikohozi kifupi cha kooni, na Loreng akaacha nyasi, akaja mbio kama ndama, akamtia mtu yule pua kwapani.

"Huyu ni Kon," Namuria akasema. "Wa kambini. Ndiye aliyekuokolea ng'ombe wako, kaka. Wakati wa njaa alikuwa anamkatia majani ya miti juu kabisa, mahali sisi hatufiki. Mimi nampa maziwa ya mbuzi, basi."

"Ejok, mzee!" Kon akasema, akanyoosha mkono. "Wewe ndio mwenyewe?"

"Ejok-noi. Ndiye mimi."

"Huyu ng'ombe yako iko na akili kushinda mtu. Mimi naita yeye Malual. Kwetu Dinka, nyekundu ni Malual."

"Ana jina," Ewoi akasema.

"Sasa iko na mbili! Hata mimi niko na mbili, ya nyumbani na ya ubatizo. Mungu anajua zote." Akacheka kwa sauti, na Loreng akatikisa sikio kana kwamba naye ameuelewa mzaha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Namuria akamalizia.

Ewoi alimzunguka maksai wake akimkagua. Alitafuta kupe, hakuna. Alitafuta kidonda cha kamba, hakuna. Ngozi iling'aa, imesuguliwa majivu kwa namna ya Wadinka, na kwenye ncha ya pembe moja kulikuwa na shada la manyoya jeupe lililofungwa kwa ustadi. Alitafuta kosa lolote la Kon hakulipata, na hapo ndipo palipomchoma. Mwizi ungemshtaki. Mtu aliyempenda ng'ombe wako kukuzidi, utamshtaki kwa nani?

Kon alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na sheria za kambi hazikumruhusu mkimbizi kufuga ng'ombe. Mdinka asiye na ng'ombe ni kama mtu aliyekatwa mkono, vidole ambavyo havipo bado vinamwasha. Ewoi aliyajua hayo yote. Aliyajua, akapanda gari la kurudi Lodwar bila kuaga vizuri.

Nyumbani alikaa mbele ya chakula akikitazama.

"Baba Nakeno," mkewe Rispa akasema, "unakula hiyo ugali au unapigana nayo?"

"Yule mtu anamharibu Loreng."

"Anamharibu vipi? Amekonda?"

"Amenenepa."

"Basi?"

"Amemfundisha tabia. Nikimwita haji."

Rispa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Uko kama mke mkubwa aliyeletewa mke mdogo! Wivu wa ng'ombe, mzee mzima!"

"Si wivu. Ni haki."

"Haya, kula haki yako, inapoa."

Ewoi aliipeleka haki yake kwa Mungu. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, akaeleza jinsi alivyomlea Loreng tangu angali wa kunyonya, jinsi alivyompinda pembe kwa subira, jinsi jina la mtu lilivyo jina la mtu. Aliomba Kon apate kazi mbali. Aliomba Kon ahamishiwe nchi ya ng'ambo, kama wakimbizi wengine wanavyohamishwa, na hilo aliliona ombi jema kabisa, la kumtakia mwenzake heri. Akishamaliza kusema, alinyamaza kama alivyozoea kungoja jibu. Na jibu lililomjia moyoni lilikuwa neno moja, lile lile kila alfajiri: Mwachie.

Alijua halikutoka kwake. Sauti yake mwenyewe aliijua, nayo siku zote ilimwambia kwamba yeye ndiye mwenye haki. Hili lilikuwa dogo, kavu, halikuwa na maelezo. Halikusema ampe Kon yule ng'ombe awe mali yake, wala halikusema atubu mbele ya watu. Mwachie. Amwache Loreng pale alipo, na mtu anayempenda, basi.

"Bwana," akasema siku moja, "niombe kitu kingine, hata kikubwa."

Wakati huo kanisa lao la Lodwar lilikuwa limemaliza kujenga nyumba mpya ya ibada, na kamati ilihangaika kutafuta mbuzi wa siku ya kuiweka wakfu, kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Jumapili moja, baada ya matangazo, Mchungaji Adome aliuliza nani atasaidia. Huyu akaahidi mbuzi, yule kondoo. Ewoi akasimama.

"Mimi namtoa Loreng."

Watu wakageuka kumtazama. Mtu hamtoi maksai wa jina lake. Akimtoa, amejikata jina akiwa hai. Kisha vigelegele vikapasuka upande wa akina mama, wazee wakamshika mkono, na Mchungaji Adome akashuka madhabahuni akamkumbatia machozi yakimlengalenga. Ewoi aliuonja utamu huo mpaka kwenye mifupa. Lakini chini ya utamu huo palikuwa na mwingine uliokolea zaidi: kule Kakuma mtu mmoja ataamka asubuhi, atakohoa, na hatakuja yeyote.

Njiani kwenda nyumbani Rispa alitembea hatua chache nyuma yake.

"Mungu amekuomba Loreng?" akauliza.

"Mungu haombi. Anapewa."

"Sikukuuliza hivyo."

Ewoi akaongeza mwendo.

Lori lilikodiwa na kamati. Walifika bomani kwa Namuria asubuhi, wakaegemeza ubao kwenye mlango wa nyuma, wakamfunga Loreng kamba. Loreng alifika kwenye ubao, akaunusa, akakita miguu minne ardhini kama nguzo za nyumba. Vijana walimsukuma. Walimkunja mkia. Utingo alimvuta pembe akarushwa akakaa mchangani. Ewoi akawaambia wote wasimame kando, akaimba.

Aliimba mpaka sauti ikamkatika. Loreng alisikiliza kwa adabu.

"Mzee," dereva akasema, "mimi nina safari nyingine. Huyu bwana anapanda, ama anangoja tikiti?"

"Si umwite Kon?" Namuria akasema polepole.

"Hapana."

Lakini Kon alikuwa tayari anakuja, kwa maana habari ilikuwa imemfikia kambini. Alivaa shati lake jeupe la Jumapili, na nyuma yake alikuja mkewe Nyibol, kitambaa cha kanisa kichwani. Macho ya Kon yalikuwa mekundu. Ewoi alipoyaona akajiandaa kwa ugomvi, na moyoni akaufurahia. Kon angelia, angeomba, angesema maneno mabaya, naye Ewoi angemjibu kwamba huyu ni wa Bwana sasa.

"Nimesikia anaenda kwa Mungu," Kon akasema. Akatoa kifuani kengele aliyoigonga mwenyewe kutoka kwenye bati nene, ulimi wake msumari. "Hawezi kwenda mtupu. Kwetu, ng'ombe ya Mungu tunaipamba."

Akamfunga Loreng ile kengele shingoni. Nyibol akaweka kiganja juu ya nundu, Kon akaweka chake juu ya uti wa mgongo, wakaomba kwa Kidinka. Hawakuomba kwa haraka. Hata dereva alivua kofia. Kisha Kon akapanda ubao kinyumenyume, akimtazama Loreng usoni, akiimba kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto, na Loreng akamfuata hatua kwa hatua mpaka ndani ya lori, akasimama pale alipoambiwa.

Kon akashuka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Asante, mzee. Mimi miaka yote sina ng'ombe ya kumpa Mungu. Leo hata mimi nimetia mkono kidogo kwa yako."

"Haya," Ewoi akasema.

Alipanda mbele na dereva. Lori likayumba kwenye makorongo, na kila lilipoyumba kengele ililia nyuma yake. Wivu aliofikiri ataumaliza siku hiyo ulikuwa umepata meno mapya. Kwanza Kon alimchukulia ng'ombe. Sasa alikuwa amemchukulia na sadaka yenyewe! Kwani nani alikuwa amemtoa Loreng pale? Ewoi alikuwa ametoa mnyama wake bila moyo, na yule asiyekuwa na mnyama alikuwa ametoa moyo wake wote, na kama Mungu ana macho, aliona ni mkono wa nani uliompandisha. Ewoi alitamani kurudi ampokonye yule mtu hata ile sala.

Siku ya wakfu watu walijaa mpaka nje ya ukuta. Akina mama waliinjika masufuria makubwa. Askofu alikaa kivulini na wageni wake. Loreng alifungwa kwenye mti wa mkwaju, na mtu wa rika la Ewoi, Mzee Lopeyok, alikuwa akinoa kisu kwenye jiwe, kwa sababu mwenye maksai wa jina hamchinji kwa mkono wake. Rafiki humfanyia kazi hiyo.

Kabla ya kuchinja, Mchungaji Adome akasimama mbele ya watu.

"Wapendwa," akasema, "mkitaka kujua kutii ni nini, msitafute mbali. Mtazameni Apaloreng. Bwana alisema, naye akafanya. Hakubishana na Mungu, hakujadiliana, hakusema niombe kingine. Bwana alisema!"

"Amina!" watu wakaitika.

Ewoi alikuwa amevaa koti lake zuri. Jasho likamtoka ndani yake. Angeweza kuvumilia kusemwa vibaya, lakini sifa hiyo ilimwingia kama mwiba wa mgunga, kila neno palepale penye kidonda. Bwana alisema. Yeye peke yake kati ya umati ule wote alijua Bwana alisema nini.

Lopeyok akainuka na kisu.

"Ngoja," Ewoi akasema.

"Wamshike vizuri kwanza?"

"Ngoja. Namchukua ng'ombe wangu."

Lopeyok akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Apaloreng! Mungu amekuletea ujumbe saa hii, wakati nimeshanoa?"

"Aliuleta zamani. Sikuufuata."

Mchungaji Adome akamsogelea, tabasamu bado liko usoni kwa ajili ya wageni, akanong'ona: "Mzee, umeshamtoa kwa Bwana. Mbele ya kanisa."

"Nilimtoa kwa Bwana ili asiwe wa mtu mwingine."

"Sielewi."

Ewoi aliona kwamba kunong'ona hakutasaidia, kwa sababu watu wote walikuwa wakisikiliza. Akasema kwa sauti ya kawaida:

"Kuna mtu Kakuma ambaye ng'ombe huyu anampenda kuliko mimi. Nikaona wivu. Bwana akaniambia nimwachie. Neno hilo lilinishinda, nikampa Bwana kitu ambacho hakukiomba ili anyamaze. Mkimla, mtakuwa mmekula wivu wangu."

"Wivu una nyama kiasi gani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikalipuka.

"Na sisi tupike nini sasa, mawe?" mama mmoja akafoka kwenye masufuria. "Maji yanachemka tangu asubuhi!"

"Sadaka ya kuazima!" mwingine akadakia.

"Mzee, unaniaibisha mbele ya askofu," Adome akasema, na sasa tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Najiaibisha mimi, mchungaji. Wewe umesimama karibu tu."

Alifungua kamba kwenye mkwaju. Fundo likakataa. Rispa akatoka kwa akina mama, ambako alikuwa ameshapokea fungu lake la maneno, akalifungua yeye.

"Twende," akasema. "Watatusema tukiwapo, watatusema tusipokuwapo."

Watu walikula mbuzi wachache waliokuwapo, na wali, na maharagwe mengi. Mpaka leo Lodwar mtu akiahidi kitu kanisani, yuko atakayemwuliza kama anaahidi kwa namna ya Apaloreng.

Ewoi alikodi lori mwenyewe kumrudisha Loreng. Njiani alitayarisha maneno ya kumwambia Kon, na, mwanadamu ni mwanadamu, akamtayarishia Kon naye maneno ya kumjibu. Katika majibu hayo Kon alishukuru sana.

Kon alipoliona lori alikuja mbio, na Loreng akashuka kabla ubao haujakaa sawa, akaenda kwake moja kwa moja. Kon akampapasa miguu, tumbo, midomo.

"Mungu amemkataa?" akauliza kwa hofu. "Iko na kilema sikuona?"

"Hana kilema. Mwenye kilema ni mimi." Ewoi akamweleza yote, amesimama juani, bila kuongeza na bila kupunguza. Wivu, neno la alfajiri, sadaka.

Kon alisikiliza. Uso wake ulijifunga polepole kama mlango.

"Mimi nilimpandisha na mkono yangu," akasema. "Niliomba juu yake. Nyibol alifunga, hakula mpaka jioni. Na wewe, mzee, ulisimama hapo ukituangalia, na ulijua."

"Nilijua."

Kon akasema maneno kwa Kidinka ambayo Ewoi hakuyahitaji kufasiriwa. Kisha akageuka, akashika njia ya laga, na Loreng akamfuata nyuma.

"Mwache apoe," Namuria akasema. "Kaa, kaka. Kunywa chai."

Ewoi alikaa. Chai ililetwa, akaishika mkononi. Kifua chake kilikuwa kinawaka vile vile kama siku ya kwanza, hakikupoa hata kidogo. Alikuwa amefikiri kwamba mtu akitii, wivu humtoka kama pepo, huku watu wakishangilia. Sasa alikuwa ametii, na watu wamemcheka, na yule ambaye kwa ajili yake alitii amemgeuzia mgongo, na ng'ombe hajamtazama hata kwa bahati mbaya. Hakuambiwa kwamba hakutauma. Aliambiwa amwachie, basi.

Akaweka kikombe chini, akateremka laga.

Kisima cha mchangani kilikuwa kimekwenda chini sana, kirefu kuliko kimo cha mtu. Kon alikuwa peke yake. Alikuwa anashuka, anachota kwa karai, anapanda na karai kichwani, anammiminia Loreng kwenye mfuko wa ngozi, anashuka tena. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Ewoi akavua koti, akavua viatu, akaanza kushuka ndani ya shimo kwa vidole vya miguu, magoti yakilia.

"Toka, mzee. Mchanga itakuangukia."

"Nipe karai."

"Wewe ni mzee wa kanisa, nenda kanisani."

"Nipe karai, Kon."

Kon alisimama juu ya ukingo, karai mkononi, jua nyuma ya kichwa chake, na Ewoi hakuweza kuuona uso. Kisha karai likashuka.

Ewoi akachota, akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Mikono ya juu ikalipokea. Kutoka mle shimoni hakumwona Loreng. Alimsikia tu akinywa, zile funda ndefu za ng'ombe mwenye kiu, na alimsikia Kon akizungumza naye kwa Kidinka, akimwita Malual, Malual, kwa sauti ile. Ilimchoma. Akafumba macho, maji ya baridi yakimfika vifundoni, akangoja.

Karai likarudi tupu.

"Bado," Kon akasema kwa ukali kutoka juu. "Anataka ingine."

Ewoi akainama, akachota tena.